Gari la Watu wa Maji

Saa nne na robo asubuhi Sajenti Kwanini alisukuma lango la nyumba ya Bosi, akaingia bila kungoja kukaribishwa. Begani alikuwa na mfuko wa spana, mfukoni karatasi ya ruhusa ya kukagua gari, na kichwani saa moja tu: saa saba mchana. Saa saba kamili jalada la dereva aitwaye Taratibu lingevuka barabara kutoka kituoni kwenda kwa mwendesha mashtaka, na likishavuka halirudi. Mtu angekwenda rumande kungoja kesi, na kungoja kesi katika mji ule ilikuwa ni kuota ndevu, kuzinyoa, na kuziota tena.

"Hodi hapa!" alisema, akiwa tayari katikati ya ua.

"Umeshaingia, hodi ya nini tena?" alijibu bibi mmoja aliyekaa barazani akifuma sweta. Alikuwa mama yake Bosi. Watu wote wa nyumba ile walimwita Bi Mkubwa, na sindano zake zilikwenda mbio bila yeye kuzitazama, maana macho yake yalikuwa na kazi nyingine, kulinda lango.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na hayo machuma?"

"Nimekuja kupima gari."

"Mwanangu yuko kazini. Na gari haliumwi."

"Anayeumwa ni mwalimu, bibi. Gari naliuliza maswali tu."

Bi Mkubwa akamtazama kuanzia viatu hadi kofia, akaona hana la kufanya, akaendelea kufuma.

Gari lilikuwa chini ya paa la bati kando ya nyumba: pikapu nyeupe ya idara ya maji, yenye tone la buluu limechorwa mlangoni. Juzi asubuhi, mvua imetoka tu kukatika, lori liliipita pikapu hii na kuimwagia tope kioo cha mbele. Taratibu, dereva wake, anasema aliwasha waipa na kuita maji ya kuoshea kioo, maji hayakuja. Waipa zikalisambaza lile tope kioo kizima kama fundi anayepiga plasta. Kabla hajalisimamisha gari, akamgonga mwalimu wa chekechea aliyekuwa anavuka barabara. Mwalimu alivunjika paja. Mchana wa siku ileile Mkaguzi wa Magari alilipima gari kituoni, maji yakaruka kama chemchemi. Akaandika kwenye fomu: "Maji ya kioo yanatoka vizuri. Dereva si mkweli."

Maneno matatu yale ya mwisho ndiyo yaliyomlaza Taratibu mahabusu siku mbili. Gari lenyewe lilikaa kituoni usiku mmoja tu. Gari la mtu mwingine lingekaa pale mpaka liote nyasi, lakini hili lilikuwa na mkubwa wa kulisemea. Bosi, mkuu wa usafiri wa idara, alimpigia simu mwenzake, mwenzake akampigia mwenzake, na jana jioni likarudi kulala nyumbani kwake kama kawaida. Wakubwa hawapangi foleni, hata ya ushahidi.

Sajenti aliweka mfuko chini, akakunja mikono ya shati. Wenzake walimpa jina la Kwanini kwa sababu mtu akimwambia "habari za asubuhi" anaweza kuulizwa kwa nini anataka kujua. Gari lake mwenyewe lilikuwa kuukuu kuliko ndoa nyingi, na kila Jumapili alilala chini yake akilirekebisha. Njia ya maji ya kioo aliijua kama njia ya kwenda kwake: chombo, pampu, mpira, vitundu, kioo. Njia ni moja. Maji yakiondoka na yasifike, mwizi yuko mahali fulani katikati.

Akafungua boneti, akaiegemeza kwenye nondo yake.

Chombo cha maji kilikuwa cha plastiki nyeupe, pembeni mwa betri. Kifuniko chake kilikuwa kimegandiana na vumbi na mafuta hata ikabidi akizungushe kwa koleo. Akachungulia. Maji ya sabuni yalikuwa yamejaa, yamepungua kidole kimoja tu kutoka shingoni.

"Kwa nini?" alijisemea.

"Kwa nini nini?" Bi Mkubwa akadakia.

"Kifuniko hiki hakijafunguliwa miezi, bibi. Gari linapita barabara za udongo kila siku, msimu wote huu wa matope, na maji yamepungua kidole kimoja! Mtu anayenawa uso kila siku ndoo yake haibaki imejaa."

Akaandika kwenye daftari. Kisha akafungua kijisanduku cha mbele ya kiti cha abiria, akatoa kitabu cha gari, kile ambamo dereva huandika ubovu, fundi wa idara huandika alichofanya, na Bosi hutia sahihi. Miezi miwili nyuma, mwandiko wa Taratibu, wa polepole kama yeye: *Maji ya kioo hayatoki.* Chini yake, mwandiko wa fundi: *Imepimwa. Yanatoka.* Wiki tatu baadaye: *Maji ya kioo bado hayatoki.* Chini: *Imepimwa tena. Yanatoka.* Siku kumi kabla ya ajali: *Naomba tena kuhusu maji ya kioo.* Chini, kwa kalamu iliyokandamizwa kwa hasira: *YANATOKA.*

Sajenti akasoma tena kutoka juu. Mtu hatengenezi uongo miezi miwili kabla ya ajali asiyoijua. Basi hapa pana watu wawili, mmoja anasema hayatoki na mwingine anasema yanatoka, na wote wanaandika bila kutetemeka.

Akachomoa fyuzi iliyo chini ya usukani, akaiinua kwenye mwanga. Uzi wake ulikuwa mzima. Akairudisha. Akawasha swichi, akapeleka kidole kwenye kitufe cha maji kilicho kwenye ncha ya kijiti cha waipa, akabonyeza.

Pampu ikalia *zzzzz*. Maji yakaruka kutoka vitundu viwili vya kwenye boneti, yakapiga kioo, yakatiririka.

Sajenti akabaki ameduwaa.

Akabonyeza tena. Yakaruka. Akashuka, akachokonoa vitundu kwa pini ya nywele, akakuta visafi. Akarudi, akabonyeza. Yakaruka. Akawasha injini, akaiacha ichemke robo saa, maana kuna hitilafu zinazongoja joto. Yakaruka. Akatikisa nyaya za pampu moja moja. Yakaruka. Akaenda nyuma, akapanda bodini akarukaruka gari lote likayumba kama liko kwenye mashimo, akakimbia kurudi kwenye kiti. Yakaruka vilevile.

"Mwanamke mzima!" Bi Mkubwa alisema. "Unacheza kamba?"

Saa tano na dakika ishirini. Sajenti akafuta jasho, akapiga simu kituoni, akamwomba askari wa zamu ampe simu Taratibu pale kwenye nondo.

"Taratibu, mimi ni Kwanini. Nijibu upesi, usinipambie. Siku ile pampu ililia?"

"Ililia, mama. Kama nzi aliyenaswa kwenye chupa."

"Na maji?"

"Hata tone."

"Mbona mimi hapa yananirukia?"

 Sauti ya Taratibu ikaja imechoka. "Hata fundi yalikuwa yanamrukia. Labda mimi sina bahati."

"Bahati haipiti kwenye mpira. Fundi alipopima ulikuwa wapi?"

"Mimi ndani, yeye nje anatazama. Nikibonyeza, ananiambia yanatoka, shuka. Nikiingia barabarani, hakuna. Nilifika mahali nikawa najiona mwendawazimu, mama."

Simu ikakatwa. Sajenti akasimama akiitazama pikapu kwa jicho jembamba. Neno moja lilikuwa limemnasa. Dereva mwongo angesema kulikuwa kimya kabisa, kifaa kimekufa. Huyu amesema pampu ililia. Mwongo hajipi kazi ya kueleza jambo gumu namna hiyo. Basi umeme ulifika, pampu ilizunguka, maji yakaondoka. Yaliibiwa baada ya pampu. Lakini na nani, na yalirudishwa lini?

Alichukua sifongo na sabuni, akaanza kukisugua kioo ili aone matone yanapopigia. Kioo kikajaa povu.

"Ungemngoja mwanangu angekuonyesha," Bi Mkubwa alisema. "Yeye hahangaiki na vidude hivyo. Jumamosi tukitoka, huchukua chupa yake ya maji, akiona uchafu anasimama anamwagia kioo kwa mkono. Msafi sana mwanangu, tangu mdogo."

Sifongo ikasimama.

"Jumamosi ipi, bibi?"

"Zote. Tangu mvua zianze."

"Humwagia kwa mkono. Na kitufe?"

"Habonyezi. Alibonyeza siku ya kwanza akatukana, nikamwambia mbele ya mama yako? Tangu hapo ni chupa." Akanyoosha sindano moja kuelekea gari. "Na ulifunge hilo domo! Linanizibia lango, sioni nani anaingia wala nani anatoka."

"Samahani, bibi."

Sajenti akashusha boneti, ikajibana *kop*. Akaingia kwenye kiti ili aoshe lile povu, akabonyeza kitufe.

*Zzzzz.*

Hakuna kitu.

Akabonyeza tena, kwa nguvu. *Zzzzzzz.* Nzi kwenye chupa. Povu likabaki pale pale, jeupe, limemzibia dunia nzima. Kwa mara ya kwanza alikuwa amekaa mahali alipokaa Taratibu, na alikuwa haoni hata ncha ya gari.

Akaruka nje, akafungua boneti, akanyoosha mkono ndani kupitia dirishani, akabonyeza. Maji yakaruka! Akafunga. Akabonyeza. Hakuna! Akafungua. Yameruka! Akafunga. Hakuna!

"Bibi!" alipiga kelele, akizunguka gari huku amejishika kofia. "Bibi, umemtoa mtu gerezani!"

"Mimi? Sijatoka hapa!"

Sajenti alishawasha tochi. Akainamisha kichwa kwenye kona ya boneti, pale bawaba inapokutana na bodi. Mpira wa maji hutoka chini, hupita kando ya bawaba, hupanda kwenye boneti mpaka kwenye vitundu. Wa kiwandani huwa mweusi, mgumu, mfupi, umekatwa kwa kipimo chake. Huu ulikuwa mwangavu, laini kama utumbo, na mrefu kupita kiasi. Ziada yake ilijikunja kitanzi juu ya bawaba, ncha zake zimefungwa kwa waya. Sajenti aliutambua. Ni ule mpira ambao wajenzi hujaza maji kupimia usawa wa ukuta. Na kwenye kile kitanzi palikuwa na mikunjo miwili, imegeuka myeupe kwa kubanwa mara mia. Boneti ikiwa wazi, kitanzi kinajinyoosha, maji yanapita. Boneti ikifungwa, bawaba inakikaba koo.

Naye Mkaguzi alipima boneti ikiwa wazi. Na fundi vilevile. Kila mtu aliyetaka kuyaona maji aliifungua kwanza ili aone vizuri, na kwa kuifungua tu akawa ameshalitengeneza gari.

Akampigia Mkaguzi. Mkaguzi alikuwa mtu wa saa na utaratibu. Akasema atafika saa sita na nusu, si kabla. Sajenti akaupiga picha ule mpira huku akiusifu kwa sauti, akafunga boneti, akasimama akihema kama aliyekimbizwa.

"Hata mimi nimepiga simu," Bi Mkubwa akasema kwa upole. "Nimemwambia mwanangu askari anakisifu kile kimpira chake."

Saa sita na dakika kumi gari jingine la idara liliingia kwa kishindo, likasimama likiwa limeziba nusu ya lango. Akashuka Bosi, tai shingoni, viatu vinang'aa. Nyuma yake akashuka fundi wa idara, mtu mwembamba mwenye ovaroli, na mkononi ameshika kipande cha mpira mweusi, mpya, bado una vumbi la unga wa dukani.

Sajenti hakungoja salamu. Akageuka, akajiinua, akakaa juu ya boneti ya pikapu, miguu ikining'inia.

"Sajenti," Bosi akasema akitabasamu kwa meno ya mbele tu, "gari hili lina ratiba ya matengenezo leo."

"Ratiba ilipangwa lini?"

"Imepangwa."

"Nimeuliza lini."

"Shuka kwenye boneti ya serikali!"

"Hiki ni kielelezo cha kesi."

"Hiyo ni boneti!"

"Basi nimekalia kielelezo, na kina joto, kwa hiyo usinicheleweshe. Fundi, hujambo?"

"Sijambo, mama," fundi akajibu akitazama vidole vya miguu yake.

"Huo mpira mweusi ni wa nini?"

"Nimeambiwa nije nibadilishe..."

"Nyamaza," Bosi akasema.

"Mwache aseme, mkubwa. Fundi, ule mwangavu uliuweka wewe?"

Fundi alimtazama Bosi, akamtazama Sajenti, kisha akafanya kama mtu anayetua mzigo alioubeba mbali. "Niliuweka mimi. Wa zamani ulipasuka. Niliandika kuomba mpya mara nne. Idara ya maji hii, mama! Ghala limejaa mipira kutoka mlangoni hadi darini, ya kunywesha mji mzima, lakini wa kuoshea kioo hakuna. Bosi akaniambia tumia kilichopo. Kilichopo ni kile walichoacha wajenzi wa ukuta wetu."

"Na ulipopima?"

"Yalitoka! Naapa yalitoka! Nilifungua boneti kwa mikono yangu, nikayaona kwa macho yangu. Nikadhani Taratibu ananichokoza tu."

"Si kosa la macho yako," Sajenti akasema. "Bosi, wewe ndiwe uliyetia sahihi kitabuni kwamba umewekwa mpira halisi?"

"Mimi natia sahihi karatasi mia kwa siku."

Hilo lilikuwa kweli. Watu wa namna yake huishi kwa sahihi. Wanaobebeshwa matokeo ni wale walio chini, wenye ovaroli na usukani.

"Ninakuamuru ushuke," Bosi akasema, akamkaribia.

"Niburute," Sajenti akajibu. "Majirani wameshapanda ukutani, watakusaidia kuhesabu mashahidi."

Kweli vichwa vitatu vilikuwa vimechomoza juu ya ukuta. Bosi akarudi nyuma hatua moja, akaishika tai yake.

Saa sita na nusu juu ya alama, Mkaguzi wa Magari akaingia kwa miguu, kwa kuwa lango lilikuwa limezibwa. Alikuwa mzee, sare imepigwa pasi hata ungeweza kukata nayo mkate, na kwapani ameshika ubao wa fomu. Kila askari mjini alijua kwamba ripoti yake haijawahi kubadilishwa.

"Shuka, binti," alisema. "Kifungu cha kwanza: fungua boneti. Cha pili: kagua chombo. Cha tatu: bonyeza, tazama maji. Nililipima gari hili juzi, nitalipima leo, na jibu litakuwa lilelile."

"Litakuwa lilelile, mkubwa, ukianza na kifungu cha kwanza. Naomba nikuulize neno moja."

"Nilijua. Uliza."

"Ukiwa barabarani unaendesha, boneti huwa wazi?"

  Mkaguzi akaitazama fomu yake, akasoma kile kifungu cha kwanza kama barua iliyokosea mlango. Akampa fundi ubao aushike, akaingia kwenye kiti cha dereva, akafunga mlango.

Sajenti akateremka upande wa pili, akaikandamiza boneti mara ya mwisho. Akachota tope kwenye bustani ya Bi Mkubwa ("Maua yangu!") akalipaka kioo chote mbele ya uso wa Mkaguzi. "Bonyeza, mkubwa!"

*Zzzzz.* Waipa zikapita. Kulia, kushoto. Tope likatandazwa vizuri, pembe kwa pembe. *Zzzzz.* Kupitia kijinafasi kidogo kiooni walimwona Mkaguzi akisogeza kichwa huku na huku, akiinuka, akiinama, akitafuta pa kuchungulia. Akabonyeza mara ya tatu, ya nne. Kisha mikono yake ikabaki juu ya usukani, imetulia.

"Sasa boneti!" Sajenti akasema, akaifungua.

Hapo Bosi alipoteza akili. Akajitupa mbele, akaingiza kichwa na mkono kati ya boneti na kioo, akaukamata ule mpira ili aunyofoe. Wakati huohuo Mkaguzi, ambaye alikuwa haoni kitu, akafuata alichoambiwa siku zote kuhusu boneti iliyo wazi. Akabonyeza.

Maji yakamlipukia Bosi puani. Sabuni ikamwingia machoni, tope la kioo likamrukia tai, shati na meno. Akarudi kinyumenyume akipiga chafya, na vichwa vya ukutani, ambavyo sasa vilikuwa saba, vikapiga makofi.

"Yanatoka vizuri," fundi akasema, kisha akajiziba mdomo.

Sajenti alishamshika Bosi mkono. "Umejaribu kuharibu kielelezo mbele ya mashahidi, hilo ni moja. La pili tutaliongea kituoni. Ulijua maji hayatoki boneti ikifungwa, ukanyamaza, ukamwacha dereva wako aitwe mwongo. Nataka habari za chupa ya Jumamosi."

"Chupa gani? Sijui chupa yoyote!"

"Ile ya kijani, mwanangu," Bi Mkubwa akasaidia kutoka barazani. "Iko chini ya kiti chako."

Bosi akamtazama mama yake. Bi Mkubwa akaona kwa mara ya kwanza kwamba kuna jambo, akaziweka sindano mapajani.

Saa saba kasoro dakika kumi na mbili. Mkaguzi alikuwa bado hajatoka garini. Sajenti akaenda akafungua mlango. Mzee alikuwa amekaa akiangalia tope.

"Miaka yote hiyo," alisema. "Nimefungua boneti ngapi?"

"Leo moja tu inatosha, mkubwa. Muda unakwisha."

"Nikiandika hapa kwamba nilikosea, wataniambia niandike na makosa mengine yote ya nyuma."

"Watakuambia."

"Nao wenye kuiandika fomu hii, huko juu, hawataandika kitu."

"Hawataandika."

Mkaguzi akanyoosha mkono. Fundi akampa ubao. Akaandika akiwa kwenye kiti kilekile, goti likiwa meza, bila haraka wala kufuta: kwamba boneti ikiwa wazi maji yanatoka, ikiwa imefungwa hayatoki, kwamba mpira si halisi na umebanwa na bawaba, na kwamba ripoti yake ya juzi haifai. Yale maneno matatu kuhusu dereva aliyakata kwa mstari mmoja ulionyooka. Akatia sahihi. Sajenti akaipiga picha fomu, akaituma kwa simu, akampigia askari wa zamu kabla picha haijamaliza kwenda.

"Jalada liko wapi?"

"Mkononi mwa karani, afande. Amevaa kofia anatoka."

"Mvue kofia! Soma nilichokutumia, mpelekee mkuu wa kituo sasa hivi, kimbia!"

Wakangoja. Fundi aliuzungushazungusha mpira mweusi mkononi. Bosi alikuwa amekaa kwenye ngazi akijifuta. Ukutani hakuna aliyeshuka. Dakika nne. Dakika sita. Saa ya Mkaguzi, kubwa ya mkanda wa ngozi, ilisikika ikigonga. Kisha simu ikalia.

"Mkuu amesoma, afande. Jalada limerudi kabatini. Ameamuru afunguliwe, na nimeshafungua." Askari akasita. "Ila hatoki."

"Hatoki vipi?"

"Amekaa palepale. Anasema alikwishaambiwa mara nyingi kwamba maji yanatoka, hata yeye akaanza kuamini. Hawezi kwenda hospitali kumtazama yule mwalimu usoni akiwa hajui kama alisema kweli. Anataka amsikie aliyeandika."

Sajenti akamtazama Mkaguzi. Akamwambia askari ampe Taratibu simu, akawasha spika ya yake, akampa mzee.

Mzee aliishika kwa mikono miwili. Akakohoa. Akakaa wima kwenye kile kiti cha dereva, uso wake ukiwa mbele ya kioo kilichopakwa tope.

"Taratibu," alisema. "Mimi ni Mkaguzi. Nimekaa mahali pako. Nimebonyeza mara nne. Nilikuwa sioni kitu. Kama kungekuwa na mtu mbele yangu, ningemgonga na mimi."

Upande wa pili wakasikia mlango wa nondo ukisukumwa na hatua za mtu anayetembea polepole.

"Pole, mkubwa," ikasema sauti ya Taratibu. "Pole sana."